Gemu za Redioni

Zrenjanin, Jumapili

Kaka Nenad,

Hatujambo, paka kanenepa. Ile gemu mpya uliyonitumia kutoka Vienna ni nzuri mno: mvua ikinyesha, hata singa za farasi zinalowa. Nilikaa nikimtazama farasi tu, na maadui wakanisubiri kwa adabu.

Ikanikumbusha zile gemu zilizorushwa redioni zamani kama milio, kompyuta ikaisoma milio hiyo kutoka kwenye kanda na kuigeuza gemu. Unakumbuka Baba alivyozinasa kwenye kanda, maikrofoni mbele ya spika, na sisi marufuku hata kukohoa?

Juzi nikawasha kompyuta yake ya zamani, nikaweka kanda. Ule mlio wa kupasua masikio ukaanza. Jirani Slavica akaingia mbio.

"Jamani Ljubica, mnachinja nini humu?"

Baba, ambaye hakuwa ametamka neno tangu apatwe na kiharusi, akainua kidole.

"Nyamaza we mama! Gemu inaingia!"

Na kweli ikaingia: kamtu ka mistari minne, kanaruka shimo. Kazuri kumshinda farasi.

Uliandika huoni faida ya kusafiri kuja kumtazama mtu asiyesema. Njoo. Ila ukifika ingia kimyakimya, usije ukagombezwa mlangoni.

Dada yako anayekungoja,
Ljubica