Litungu Lako Nililitia Kufuli

Baba,

Najua utacheka. Litungu lako, kinanda chako cha nyuzi, nililifungia sandukuni, na sanduku nikalitia lile kufuli kubwa la karakana. Ulikuwa unasema nilipotea njia, kwamba badala ya kushona nguo za watu ningeenda upelelezi. Sawa. Lakini ungeona yaliyotokea tangu tukuzike, hata wewe ungetafuta kufuli.

Hapa Kigera, Musoma, tunaendelea. Karakana yako ya mageti amepanga muuza vifaranga. Uwanja wa kunyanyulia vyuma nyuma ya nyumba bado upo, ila watu wamepungua, wengi wamehamia jimu mpya ya mjini yenye vioo ukuta mzima na spika kubwa. Nilikwenda kuichungulia siku moja. Muziki unawakimbiza kama wezi wa sokoni, vyuma wanavipandisha mbiombio kisha wanavibwaga. Mtu anayebwaga chuma simwazimi hata kiberiti.

Nilijaribu kufanya mazoezi peke yangu kwa muziki wa simu. Goti likavimba. Simu haijui kwamba niliumia kwenye netiboli nikiwa shuleni, wala haijui kusubiri.

Wewe ulijua. Ulikuwa unakaa juu ya ndoo uliyoifudikiza, litungu kwenye paja, na nikiweka nondo mabegani na kuanza kuchuchumaa, vidole vyako vinashuka kuelekea nyuzi nene. Nikipanda, vinapanda kwenye nyembamba. Na kule chini kabisa, kabla sijanyanyuka, ulikuwa unanyamazisha nyuzi kidogo ili goti lijipange. Ukiwapigia wengine hukuwa unanyamaza, ulipitiliza. Kile kimya kilikuwa changu.

Unakumbuka uliponifunga macho kwa kitenge cha marehemu mama? Ukaangusha kopo la saruji, kisha gia ya lori yenye uzito uleule, ukaniuliza kipi ni kipi. Nikapatia yote. Ukaniambia uzito ni mmoja ila kila kitu kina rangi yake ya sauti, ndiyo maana mimi na Shangazi tukiimba noti moja kanisani hakuna anayetuchanganya. Ukasema rangi inatoka kwenye kitu, kwenye saruji, ngozi, waya, koo. Mwendo ndio unatoka kwa mtu. Badilisha nyuzi za litungu, rangi itabadilika leo leo, lakini mpigaji hata ukimpa debe atakwenda kwa mwendo wake. Nilidhani unanifundisha kubeba vyuma tu.

Sasa nikwambie kuhusu Magesa.

Alikuja siku ya kuanua matanga. Kijana mrefu wa Buswahili, kule Butiama, viatu vina tope, akasalimia wazee vizuri, akakaa, akala. Halafu akasema mbele ya ukoo mzima, "Mzee aliniahidi litungu. Alisemaga likibaki bila mtu, nije nilichukue." Hana karatasi wala shahidi. Wazee wakatazamana. Mimi nikainuka nikaenda kutafuta kufuli.

Baba, nilimshuku kwa kila kitu. Kwanza nilidhani anataka kuliuza kwa watalii wanaopita kwenda mbugani. Kisha nikakumbuka Alhamisi zako. Miaka yako ya mwisho kila Alhamisi ulipanda gari la Butiama, ukisema kuna geti la mteja. Geti gani lisiloisha? Nikaanza kumkagua yule kijana masikio kabla hajaondoka. Yako yalikuwa yamechongoka kwa juu, na yake, ukiyatazama kwa upande, nayo yamechongoka. Sikulala vizuri kwa ajili ya masikio ya mtu. Niliumia, Baba, na nilikukasirikia ukiwa umeshazikwa, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu huwezi kujitetea.

Nilikwenda Bunda kumuuliza Shangazi, pale kwake Nyasura. Nilimtega maswali kama nilivyozoea, yeye anachambua dagaa wala hainui uso. Mwisho akasema, "Kaka yangu alikuwaga na siri, ila watoto wa nje hakuwa nao, ningejua. Achana na masikio ya watu. Nenda kamsikilize akipiga." Nikaona ni sawa. Mwongo wa maneno anaweza kunishinda, lakini wa nyuzi hanishindi.

Nikaenda Buswahili bila kumpa taarifa, ili asipate nafasi ya kujiandaa. Nilimkuta shambani anapalilia mihogo. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na litungu lake dogo la kujitengenezea, ngozi ya mbuzi na nyuzi za kuvulia samaki. Akagusa uzi wa kwanza. Sauti nyembamba, ya plastiki, haina ule mkwaruzo wa litungu lako hata kidogo. Nilifurahi. Nilijua nimemkamata.

Kisha akaanza kupiga, na miguu yangu ikautambua kabla ya masikio. Ulikuwa ni mwendo wako. Kushuka taratibu kwenye nyuzi nene, bila haraka, kama mtu anayeteremsha mzigo asiotaka kuuvunja. Nikajikaza. Nikajiambia huenda alikuwa anapita nyuma ya ua wetu akikusikiliza, watu wanaiba kila kitu siku hizi. Akafika kwenye uzi wa chini kabisa.

Akanyamaza.

Kimya kile kile, Baba, kwa urefu ule ule. Halafu akapanda.

Nilimuuliza kwa ukali kakitoa wapi hicho kimya. Alishtuka kidogo. Akasema, "Hapo Mzee alikuwaga mkali kuliko pote. Nikipitiliza ananigonga mkono. Anasema usikimbie, kuna mtu bado anashuka. Mi sikuwahi kujua ni nani."

Niligeuka nikatazama mihogo yake.

Baadaye ndipo akanieleza. Kwamba sukari ilishaanza kukufisha ganzi vidole, na ulijua havitakufikisha mbali. Kwamba ulitafuta mtu wa kumwachia mwendo, kila Alhamisi ukaenda kumfundisha, na ulimkataza asije Musoma ukiwa hai kwa sababu, nayanukuu maneno yako, "binti yangu atanusa, na akinusa atajua naumwa." Na mimi niliona vijiko vikikudondoka mkononi, nikadhani umechoka. Mpelelezi mzima, sikuona kilichokuwa mezani pangu.

Litungu nimempa. Sikumpa siku ile, usidhani nimebadilika kiasi hicho. Nilimwambia aje mwenyewe Kigera, na kwamba kila Jumamosi atalileta uwanjani alipige, wiki ya kwanza asiyofika namfuata Buswahili. Akacheka, akasema Mzee alimwonya kuhusu mimi. Masikio yake bado nayatazama mara mojamoja, kwa mazoea tu. Kufuli nimelirudisha karakanani, na yule muuza vifaranga naye kuna jambo analificha, nitaligundua.

Nakuaga sasa, Baba. Ninakuahidi uwanja sitaufunga, na atakayekuja na goti bovu au mgongo mbovu tutampimia mwendo wake yeye, hatutamkimbiza. Sitakuuliza tena habari za geti la Butiama.

Jumamosi iliyopita Magesa alikaa kwenye ndoo yako. Niliweka nondo mabegani nikafumba macho. Sauti ilikuwa ya litungu lako, mkwaruzo wote upo, na mwendo ulikuwa wako. Nikashuka. Nilipofika chini kabisa nyuzi zikanyamaza, nami nikakaa huko muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu huko chini tulikuwa wawili.

Alinisubiri. Nikapanda.

Mwanao,
Nyangeta