Nguzo Zilizomwagwa Januari

Mpendwa Eje Kalyipa, dada yetu mkubwa wa safu ya ushauri gazetini, kila nikianza barua hii naona najitetea, basi naomba nianze na kosa langu ili unisaidie.

Mimi ni mhandisi, nina miaka thelathini na moja, na tangu mwaka juzi nasimamia ujenzi wa bweni jipya la wasichana wa chuo kikuu huku milimani kwetu, ghorofa nne, wasichana mia mbili na arobaini, na aliyenipa kazi hiyo ni mwalimu wangu wa zamani, ambaye sote humwita Agai, aliyenichukua nyumbani kwake baba alipofariki, nikala mkate wake miaka mitano na mkewe akanisuka nywele kama binti yake. Januari iliyopita kaka yangu alioa, nikaenda arusini siku ambayo nguzo za chini za upande wa magharibi zilikuwa zinamwagwa zege, na baridi ilikuwa ya kupasua mawe, na niliporudi nikaandika kwenye daftari la saiti kwamba nilikuwepo, kwamba nguzo zilifunikwa turubai na majiko yaliwashwa kulipasha zege joto, kwa sababu Agai alisema, "Andika tu, mafundi wanajua kazi yao," naye akatia saini juu ya yangu.

Mwezi Mei fundi bomba akatoboa moja ya nguzo hizo na keekee ikazama kama inaingia kwenye jibini. Zege liliganda kwa baridi kabla halijashika, Eje. Nikachukua kipande kimya kimya nikakipeleka maabara kule mji mkuu, Bishkek, wakaniambia nguvu yake haifiki hata nusu ya inayotakiwa, na unajua ardhi yetu jinsi inavyotikisika. Nikampelekea Agai karatasi ile, akanimiminia chai, akasema, "Binti yangu, jengo limesimama. Mabovu mangapi yako mjini humu na watu wanalala ndani?"

Nikamwambia, "Agai, yale hatukuyajenga sisi."

"Na hili ukilisema, unadhani nitafungwa peke yangu?"

Plasta ikapigwa, rangi ikapakwa, nami nikanyamaza. Wiki iliyopita akaja mama mmoja kutoka bonde la mbali, amebeba godoro la sufu la binti yake na mtungi wa siagi, akalitazama jengo toka juu hadi chini, akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe ndiye mhandisi? Hili litastahimili tetemeko? Mtoto wangu ni huyu mmoja tu." Nikamwambia ndiyo. Akaniombea dua.

Wasichana wanahamia tarehe mosi Septemba. Je, mtu anaweza kumshtaki aliyemlisha?

Mhandisi wa milimani

*

Mdogo wangu mhandisi,

Pole. Nimeisoma barua yako mara tatu, na nimeona jambo ambalo wewe hujaliona. Umenilalamikia kuhusu Agai kurasa nzima, ukaja kumtaja yule mama mwishoni, kama mgeni aliyekosa kiti. Yeye ndiye angetangulia.

Wema wa Agai ni deni kweli, lakini wewe unataka kulilipa kwa watoto wa watu. Mkate wake hukula na wasichana mia mbili na arobaini. Ulikula peke yako. Wala usijifiche nyuma ya neno "kumshtaki." Saini ya chini ni yako. Unajishtaki mwenyewe, na hilo ndilo linalokutetemesha.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa Agai mchana, umwambie uso kwa uso unakokwenda. Asije akasikia kwa watu. Kisha siku hiyo hiyo mpelekee mkuu wa chuo barua na karatasi ya maabara, na nakala kwa wakaguzi wa majengo, zote zipigwe mhuri wa kupokelewa. Kosa lako liwe mstari wa kwanza. Mimi si mhandisi, ila nimemuuliza mmoja: nguzo dhaifu huweza kuzungushiwa nondo na zege jipya, lakini lazima jengo liwe tupu. Basi liwe tupu.

Jibu hili nilikusomea Jumatatu kwa simu, kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha, maana Septemba haingoji gazeti. Ijumaa ukanipigia. Bweni limefungwa kwa kufuli, wasichana watabanana wanne wanne kwa chumba kwenye bweni la zamani hadi nguzo zitengenezwe, na leseni yako ya uhandisi imezuiwa. Yule mama ulimtafuta ukamwambia ukweli. Alikutukana, kisha akakata simu. Alikuwa na haki. Agai, baada ya kukusikia, hakukufungulia tena mlango. Mkewe alikuchungulia dirishani, akashusha pazia.

Uliniuliza, ukilia, kama ulifanya vizuri. Ulifanya kwa kuchelewa, lakini ulifanya watoto wakiwa hai. Wengine huja kwangu baadaye, nami sina la kuwaambia.

Kuhusu Agai, usimwandikie, wala usimtume mtu. Nenda tena Jumapili, upige hodi. Asipofungua, rudi Jumapili nyingine.

Eje Kalyipa