Filamu ya Lifti na Baba Anayemngoja Kaka

Mshauri mpendwa, nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanicheka, maana shida yangu imeanzia kwenye filamu, na mtu mzima wa miaka arobaini na mbili kuhangaishwa na filamu ni aibu, hata mume wangu nimeshindwa kumweleza.

Mimi ni mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, tangu asubuhi ni mashuka na foronya, nikitoka saa tisa miguu inawaka moto, na siku moja mwenzangu wa zamu alinivuta twende sinema tukapumzike, akasema ni filamu ya mtu anayerudi miaka ya nyuma, nikadhani nitaona mitambo na mapigano, kumbe wapi. Mwanamume wa makamo anaingia kwenye lifti kazini kwake, mlango ukifunguka anajikuta jikoni kwao alipokuwa mdogo, mama yake anamenya vitunguu, redio inaongea, nduguze wanagombania kiti, naye anakaa tu pembeni, haonyi mtu, habadilishi kitu, wao wanamwona kama jirani aliyepita kusalimia. Mwishoni lifti inafunguka tena, taa ya ndani inawaka, na filamu inaisha hujui kama aliingia au alibaki. Watu wakatoka wakibishana, mwenzangu akalalamika kapotezewa jioni yake, mimi nikabaki kwenye kiti mpaka mfagiaji akaniomba niinue miguu. Tangu hapo nimerudi kuitazama mara sita.

Sasa nikwambie kinachoniuma. Naishi na baba yangu. Alikuwa fundi bomba, mtu wa kucheka, lakini mwaka wa tatu huu akili yake imepoteza mpangilio, wajukuu anawaita majina ya ndugu zake, na kila siku alasiri anageukia mlango ananiuliza kama Chapu amesharudi kutoka shule. Chapu ni kaka yangu, tulimwita hivyo kwa kuwa hakujua kutembea polepole, na alifariki kwa homa ya siku nne akiwa na miaka kumi na sita, mimi nikiwa na kumi na miwili. Mwanzoni nilikuwa nabadilisha mazungumzo, au najifanya sijasikia, ila baada ya kuiona ile filamu, siku moja nikajikuta namjibu, "Amerudi, baba, yuko nje anaosha miguu." Baba akashusha pumzi, mabega yakalegea, akasema basi mwekeeni chakula. Na mimi, mshauri, nikageuka kuangalia nje. Niliangalia kweli.

Toka siku hiyo nimenogewa. Namwambia Chapu kafaulu hesabu, Chapu kaenda kuazima baiskeli, baba anacheka, nami nacheka naye, kazini natoka mbio ili niwahi alasiri yetu, wanangu wakiniletea madaftari nawaambia baadaye, mume wangu akinisemesha namsikia kama mtu anayeongea chumba cha pili. Wiki mbili zilizopita dada yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu na hana mchezo na uongo, akatukuta. Akaniambia, "Unamfufua maiti kila siku." Kisha akapiga magoti mbele ya baba, akamweleza taratibu kwamba Chapu alikufa, tulimzika, na yeye baba mwenyewe alikuwepo. Baba alilia kama mtu aliyepata habari saa ile ile, akamuuliza dada kwa nini hakuna aliyemwita mapema, akakataa kula. Kesho yake alasiri akageukia mlango, akauliza tena. Dada hajakanyaga kwetu tangu wakati huo, wala simu zangu hapokei.

Naomba uniambie, niendelee kumdanganya baba, au niwe namuua kaka yangu kila siku? Na kwa nini filamu ambayo hata mwisho wake haueleweki imenishika namna hii?

Mpiga Pasi

*

Mpiga Pasi, sijakucheka. Nilikwenda kuitazama hiyo filamu yako Jumamosi mchana, na nikwambie ukweli, sikuelewa ile lifti inaendeshwa na nini. Karibu yangu alikaa mzee mmoja aliyevaa koti. Muda wote wa pale jikoni alikuwa akinong'ona, na maneno yake hayakuwa ya mle ndani ya filamu. Alikuwa anaongea na watu wake. Ndipo nikaelewa. Waliotengeneza filamu wameacha nafasi wazi, na kila mtu anaingiza nyumba yake ya utotoni. Tunamwonea wivu yule bwana kwa sababu alipewa kukaa. Sisi siku za kawaida hatukuzikaa, tulizipita na haraka zetu. Wangetuambia kama alirudi, tungefuta machozi tukaenda zetu. Hawakusema, kwa hiyo kila mtu anatoka akijiuliza kama yeye angerudi. Wewe unajijua: ungebaki. Ndiyo maana umeogopa, na umefanya vema kuandika.

Huruma yangu inaishia hapo, sasa nikugombeze. Baba yako hana mlango wa kutokea kwenye ile alasiri, ugonjwa umemfungia. Wewe unao, na umeacha kuutumia. Mtoto anayekuletea daftari ana umri huo mwaka huu tu. Unataka na yeye uje kumtafuta sinema?

Baba usimpe tena habari ya msiba. Kwake kila mara ni mara ya kwanza, na hakuna anayestahili kufiwa na mtoto yule yule mara mbili. Lakini acha kutunga. Hesabu alizofaulu, baiskeli aliyoazima, hayo si ya baba, ni yako. Unalea kaka ambaye hakuwepo. Akiuliza, mwombe akusimulie: Chapu alikuwaje, alichekeshwa na nini, aligombana na nani. Atakupa Chapu wa kweli, ambaye wewe wa miaka kumi na miwili hukuwahi kumjua kikamilifu. Na mpeleke kwa daktari, miaka mitatu ya kubahatisha inatosha.

Mume wako aambiwe wiki hii hii, mkiwa mmekaa, simu mmezizima. Mwanamke anayekwenda sinema mara sita bila kuaga, unadhani mumewe anawaza nini?

Dada yako usimpigie. Nenda shuleni kwake, mngoje atoke darasani. Hakuja kukukomoa. Aliingia akasikia watu wawili wakicheka habari za kaka yake, na hakuna aliyekuwa amemwalika. Wewe ulikuwa mdogo wakati wa msiba, ukabembelezwa. Yeye mkubwa alipokea wageni na kupanga viti. Huenda hajawahi kulia hadi leo. Mwombe alasiri mbili kwa wiki akae na baba. Siku hizo wewe kaa na madaftari.

Itafika siku baba atakataa kusimulia. Atataka jibu, atakukazia macho. Usimwambie amerudi, usimwambie amekufa. Vuta kiti, kaa ubavuni pake, mtazame mlango pamoja, umwambie, "Bado, baba. Na mimi namngoja."

Hapo hutakuwa umemdanganya.