Kiatu cha Kushoto cha Baba Yako

Butiama, 9 Novemba 1986

Kwa binti yangu Nyangi, daktari wetu mtarajiwa,

Sisi wazima, mihogo imeota vizuri, na barua yako nimeusomea ukoo mzima mpaka karatasi imechakaa. Hiyo "asidi ya yuriki" uliyosema ndiyo inayomvimbisha baba yako mguu, naitamka vizuri kuliko mwalimu mkuu!

Kidole gumba cha mguu wa baba yako kilipovimba, nilikuwaga najisifu. Madukani sukari hamna, sabuni hamna, sisi tunaugua kwa kuzidisha nyama! Shangazi yako Dafroza akaniambia, "Wifi, wewe unaringa, kaka yangu anatambaa." Nilicheka, lakini iliniuma, maana maini ya kila mnada nilikuwa nanunua mimi, majirani wanione.

Sasa nafuata ulivyoandika. Nyama kidogo, pombe hamna, vitunguu, mchicha na machungwa kila siku. Ananung'unika, "Nimesomesha mtoto anilishe majani kama mbuzi?" Namjibu, "Kula, mzee, mbuzi hachechemei."

Usimwambie nimekuandikia hili. Alikuwa ameapa haji harusini kwako, kwa sababu mguu wa kushoto hauingii kwenye kiatu, na hawezi kukuingiza kanisani pekupeku. Ndiyo maana hajakujibu tangu Agosti. Hakukasirika, mwanangu. Aliona aibu.

Jumapili iliyopita alikwenda misa amevaa viatu vyote viwili. Tulichelewa makusudi, nikamwacha atangulie mpaka benchi la mbele, ili kanisa zima limwone.

Ni mimi mama yako, bado naringa,
Marcelina