Mbuzi ya Mama Véro

Mujukuu wangu Odile,

Ninakutangazia kwa heshima yote: kofia yangu ya kanisa imepatikana. Kuku ilikuwa inataga ndani. Hapa Makomeno tuko bazima, mama yako anakusalimia.

Unaniuliza, wewe unayesoma kuchora kule université, ile shule yetu ya kwanza ya kuchora ya Élisabethville ilitufundisha nini. Mutoto, mpaka leo sijue.

Muzungu mwenye shule alitukusanya mu depo, akatugawia rangi, akasema: «Mi sifundishi kitu. Chora ile iko ndani yako.»

Nikachora kinga ya baba, ile baiskeli yake ya kazi, na magurudumu yake mbili. Akahuzunika.

«Ile iko ya Ulaya. Leta pori ya bankambo yako, bale bazee ba zamani, ao urudi kwenu.»

Na baba alishasema: nikifukuzwa, atanipeleka naye kazini, ku moto ya kuyeyusha shaba. Lakini mi nilizaliwa mu kambi ya bafanyakazi, pori sikupata kuiona. Nyama nilijua ilikuwa moja tu, mbuzi ya jirani yetu Mama Véro. Nikaichora na ndevu yake yote.

Muzungu akapiga makofi. «Swala! Swala ya pori ya bankambo!»

«Monsieur, ile iko mbuzi.»

Akanishika bega, machozi mu macho. «Wewe haujue hata ile unajua.»

Ni vile nilibaki ku shule. Picha ikaenda Ulaya. Tangu siku ile ninajiuliza kama aliona kitu mimi sikuona. Siku zingine nikiikumbuka, pembe za ile mbuzi zinarefuka kabisa.

Nkambo yako.

Mbuzi yenyewe, Mama Véro aliichinja Noeli. Tuliikula na bukari.