Siku Redio Aliponyamaza

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka juu ya paa la jengo la ghorofa kumi na nne. Natumaini mgongo wa mama umepata nafuu na wanao bado wanakutoa jasho. Mimi mwili mzima. Kuhusu moyo, ngoja nikueleze haraka, maana saa ya chakula ni fupi na ninaogopa.

Barua yako niliipata. Ulisema woga uko kichwani tu, na kazi hii ya kusafisha vioo vya nje ningeizoea. Nilikuamini. Nilijiona mwoga wa kuzaliwa, hasa nikijilinganisha na mwenzangu tunayemwita Redio, maana akining'inia huko huimba asubuhi hadi jioni kama yuko bafuni kwake. Mimi nilikuwa nikishuka nimefumba macho. Msimamizi alizoea kuniambia nimwige Redio, kwamba mwanamume ni kujikaza.

Basi wiki mbili zilizopita nikaikagua kamba yangu kwa vidole. Karibu na fundo, nyuzi zilikuwa zimelika nusu nzima. Nikaenda kuishika ya Redio: mpya, ngumu, haina hata mchubuko. Dada, nilicheka kwa hasira. Kumbe ule wote haukuwa ushujaa, ilikuwa kamba! Nilipomweleza msimamizi, alijibu kwamba asiyeweza aache, langoni kuna foleni ya wanaoitaka kazi.

Tangu hapo mambo yamegeuka. Nashuka macho wazi, hata miluzi napiga. Msimamizi amenisifu mbele za watu. Redio naye amenyamaza. Anasema akining'inia huko roho haitulii, hajui kwa nini, na msimamizi amemwambia ni kichwa chake tu. Leo asubuhi alinivuta pembeni akaniuliza, kwa heshima kabisa, mimi woga wangu niliutibu kwa dawa gani.

 Jibu nakwambia wewe kwanza, kwa kuwa ndiwe uliyenilea. Kila mmoja wetu hufunga kitambaa kwenye kamba yake, changu cha bluu, chake cheupe. Nilivibadilisha. Ana mke na mtoto ambaye ndiyo kwanza anatambaa, na siku tisa sasa anashuka na kamba yangu.

Ameanza kuvaa mkanda wa kushukia. Naenda kumwambia. Akinipiga, ni haki yake. Nikifukuzwa, nitarudi mikono mitupu, mnipokee hivyo hivyo.

Mwamkie mama, ila haya usimwambie. Wanao wape salamu zao.

Ni mimi mdogo wako, mwoga wa kweli.

Nyongeza: Nimemwambia. Hakunipiga. Aliniuliza kama miezi yote ile nilikuwa nikishuka na kamba hii. Nikasema ndiyo. Tumeikata vipande kwa kisu chake, asipewe mtu tena. Sasa msimamizi anapanda ngazi, tunasikia viatu vyake. Redio amenishika mkono.