Majivu kwa Kifungo cha Dhahabu

Kakuma, Jumanne, 2013

Jicho la Akiru liko sawa. Asante Mungu.

Mama mmoja wa Lodwar alikuja kwa kibanda yetu ya kutengeneza mikoba, kuchukua mkoba wake wa bei kali. Kifungo na mnyororo zilikuwa zimechakaa, na msichana wangu Akiru alikuwa ameshazipaka dhahabu mpya, akaziacha zikauke. Mimi nikaona hazing'ai. Nikasugua na majivu, vile tulikuwa tunasugua shaba za shingo za mama yangu. Dhahabu yote ikatoka, chuma ikabaki nyeupe kama mfupa.

"Nani amefanya hii?" mwenye mkoba akauliza.

Akiru akaniangalia. "Ni mimi, mama. Nisamehe."

Akamchapa na huo mkoba usoni. Mnyororo ikampasua juu ya jicho, damu ikamwagika.

"Mshenzi wewe! Umezoea kusugua sufuria!"

Nikamrukia. Nilimshika nywele, ile ya kununua ikabaki mkononi, nikamshika shingo, nikamgongesha kichwa kwa meza. Tena. Tena. Akiru ndiye alinivuta, na damu yake inanidondokea.

"Mama, wacha! Utaua mtu!"

Nilitaka kuua. Hiyo siwezi kuambia mtu, ndiyo naandika.

Mwenye mkoba ameenda na kichwa imefura, anasema kesho ni polisi. Na Akiru, na hiyo bandeji yake, ananiambia, "Nitasema mimi ndiye nilimpiga. Wewe nyamaza tu."

Kosa ya dhahabu alinibebea. Hii, hapana. Kukipambazuka nitaenda kituoni mwenyewe, kabla Akiru hajaamka, na majivu yangu bado kwa kucha.